Kabla Hujakubali Skwoti 500: Ushauri kwa Wabeba Vyuma wa Thika na Ruiru

Kila Januari, na kila inapotangazwa tarehe ya kusajili makurutu wa polisi au wa KDF, maswali huanza kuingia kutoka Makongeni, Kiganjo, Kimbo, Kihunguro na kwa wanafunzi wa Juja. Majina hubadilika, maswali ni yale yale. "Tumewekeana chalenji ya skwoti 500 na chuma mabegani, kuna ubaya?" "Nimepiga pushapu 300 juzi na leo mkono haunyooki, ni kawaida?" Na lile linalonitia baridi kila nikilisoma: "Mkojo umekuwa kama soda nyeusi tangu asubuhi, ninywe maji kiasi gani?"

Nitawajibu wote watatu, lakini naanza na huyu wa mwisho, kwa sababu yeye hana muda wa kusoma hadi chini.

## Kama mkojo umebadilika rangi, anza hapa

Mkojo wa rangi ya chai ya turungi, ya Coca-Cola au ya kutu, unaotokea siku ile ile au siku mbili tatu baada ya mazoezi makali, ni dharura. Usiulize kwenye grupu la jimu, wala usingoje Jumatatu. Nenda hospitali leo, hata kama maumivu yameanza kupoa.

Dalili nyingine zinazokupeleka hospitali siku hiyo hiyo ni hizi:

- Msuli umevimba na kuwa mgumu, ngozi imevutika, mkono haukunjuki au haunyooki.
- Maumivu yanazidi siku ya pili na ya tatu badala ya kutulia.
- Nguvu zimekwisha kabisa: huwezi kuinuka kwenye kiti bila kushika ukuta, au huwezi kuinua kikombe.
- Unakunywa maji lakini mkojo ni kidogo sana.
- Unatapika, umechanganyikiwa, au moyo unadunda ovyo.

Ganzi ya vidole pamoja na mguu au mkono uliokaza kama gogo haingoji hata jioni. Hapo msuli umevimba ndani ya ala yake hadi damu inashindwa kupita, na daktari wa upasuaji huwa na saa chache tu za kuuokoa.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau: wengi wetu tunaishi kwenye ploti zenye choo cha pamoja, chenye taa hafifu au kisicho na taa kabisa. Humo huwezi kujua mkojo ni wa rangi gani. Kojoa kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, itoe nje, iangalie kwenye mwanga wa mchana. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku tatu baada ya mazoezi yoyote yaliyokuzidi nguvu. Kumbuka kwamba rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa lililoiva, na bitiruti huweza kuufanya mwekundu. Kama hutumii dawa hiyo wala hukula bitiruti, usijitafutie sababu ya kukaa nyumbani.

## Ukifika hospitali, taja mazoezi kwanza

Thika kuna Thika Level 5, na Ruiru kuna Ruiru Level 4. Aliye upande wa Ruiru na Kahawa anaweza pia kufika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Zahanati ya mtaani hutusaidia kwa mengi, lakini hapa unahitaji mahali pa kupima damu, kulaza mgonjwa na kumfuatilia usiku kucha. Beba kitambulisho. Kama bado hujajisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usiache kwenda kwa sababu hiyo.

Kosa kubwa linalofanyika mapokezini ni la mgonjwa mwenyewe. Anasema "naumwa na mwili wote na mkojo ni mweusi", basi. Mhudumu akisikia hivyo, hasa kwa mtu aliyetoka Kisumu au Mwea majuzi, atafikiria malaria au kichocho, na ana sababu ya kufikiria hivyo. Sema hivi badala yake:

"Juzi jioni nilifanya skwoti 500. Nilikuwa nimekaa miezi miwili bila mazoezi. Mapaja yamevimba na mkojo umekuwa mweusi. Naomba nipimwe CK, figo na potasiamu."

CK ni kreatini kinasi, kimeng'enya cha msuli ambacho huvuja kwenye damu msuli ukivunjika. Kwa mtu asiye na tatizo huwa katika mamia machache tu; baada ya chalenji mbaya kinaweza kufika makumi ya maelfu. Kuna dokezo jingine ambalo hata maabara ndogo inaweza kuliona. Kijiti cha mkojo kinaonyesha damu, lakini mkojo huo ukiwekwa kwenye hadubini hakuna chembe nyekundu za damu. Kinachosomeka pale ni mayoglobini, protini iliyotoka kwenye msuli.

Na tafadhali, ukiambiwa utachomwa sindano ya maumivu kisha uende nyumbani, uliza kwa heshima kama ni diklofenaki. Dawa ya kundi hilo huongeza mzigo kwa figo ambazo tayari ziko taabani. Matibabu yenyewe hasa ni dripu nyingi za maji ya chumvi, kupima mkojo unaotoka, na kuangalia potasiamu mara kwa mara. Wachache, figo zikizima, husafishwa damu kwa mashine. Wanaofika mapema kwa kawaida hupona.

## Kinachotokea ndani, kwa ufupi

Msuli unaolazimishwa kuendelea baada ya nguvu zake kwisha hupasuka chembe zake, na vilivyomo humwagika kwenye damu. Mayoglobini huumiza na kuziba mirija midogo ya figo. Potasiamu huvuruga mapigo ya moyo, na hiyo ndiyo inayoweza kuua haraka. Jina la kitaalamu ni rabdomayolisisi.

Mwaka 1941 madaktari wa Uingereza walieleza jambo hili kwa watu waliofukuliwa kwenye vifusi vya mabomu mjini London. Walitolewa wakiwa hai, wakaonekana wana nafuu, halafu siku chache baadaye figo zikagoma. Nalitaja kwa sababu ya ule muda wa kuonekana mzima. Kijana wa chalenji naye hutoka jimu kwa miguu yake, akapiga picha, akala, akalala. CK kwa kawaida hufika kilele chake siku moja hadi tatu baadaye, wakati wenzake wameshasahau habari hiyo.

## Chuma chepesi ndicho kinachodanganya

Wasomaji wengi huniambia, "Lakini nilitumia uzito mdogo." Huo ndio mtego wenyewe. Chuma kizito kina breki: baada ya mara tatu au tano kinakushinda, unakiweka chini. Chepesi hakikushindi upesi. Kinakuruhusu kuendelea kupita mahali ambapo msuli umeshaomba kupumzika, na pale ambapo pangekuwa na breki sasa kuna marafiki wanaohesabu kwa sauti na simu inayorekodi.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, Januari 2011. Wachezaji wa timu ya kandanda ya Kimarekani walirudi kutoka likizo, wakapewa skwoti 100 kwa uzito wa nusu tu ya kile ambacho kila mmoja angeweza kuinua mara moja, na muda ukahesabiwa. Vijana 13 walilazwa hospitalini. Hao ni wanariadha wa kiwango cha juu, wenye makocha wa kulipwa na wahudumu wa afya pembeni. Hakuna aliyefariki, na chuo chenyewe, baada ya uchunguzi, kilishauriwa kuachana na zoezi hilo moja kwa moja.

Angalia yaliyokutana pale: likizo, siku za kwanza za kurudi, idadi iliyopangwa kabla, na saa inayokimbia. Ukiyaona hayo manne kwenye tangazo la chalenji mtaani kwako, unajua unachoalikwa.

Kuna jambo la tano la hapa kwetu. Jimu nyingi za mabati zina vyuma vya kujitengenezea: bomba la maji ambalo kila ncha yake imezamishwa kwenye mkebe wa rangi uliojazwa saruji. Mkebe mmoja umejazwa hadi mdomoni, mwingine umepungua vidole viwili, na saruji ya upande mmoja imeanza kumeguka. Hakuna ajuaye uzito wake halisi. Ukibeba mara nane hutaona tofauti. Ukibeba mara 300, bega moja litakuwa limefanya kazi isiyo yake. Kabla ya kitu chochote kirefu, pelekeni bomba hilo likapimwe kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu, kisha muandike uzito juu yake kwa rangi.

Pia fahamu kwamba msuli huumia zaidi wakati wa kushusha kuliko wakati wa kupandisha. Ndiyo maana skwoti za kushuka polepole, kujivuta kwenye chuma cha juu kisha kujishusha taratibu, na pushapu ndizo zinazotajwa mara nyingi katika visa hivi.

## Wasiopaswa kukubali chalenji hizi

- Aliyekaa wiki tatu au zaidi bila mazoezi. Hili ndilo kundi kubwa kuliko yote.
- Anayetoka kuugua: malaria, homa ya matumbo, mafua makali, kuhara. Subiri hadi ule vizuri na ulale vizuri kwa angalau wiki moja.
- Aliye kwenye mfungo. Makanisa mengi hufunga siku 21 mwezi wa Januari, na ni mwezi huo huo wa chalenji. Aliyefunga Ramadhani vilevile. Mazoezi mepesi hayana shida. Marudio ya mamia bila maji ni hatari.
- Aliyekunywa pombe jana usiku, au anayetafuna miraa au muguka mchana kutwa. Pombe yenyewe huumiza msuli na hukausha maji mwilini. Miraa hukufanya usihisi uchovu ambao ungekuokoa.
- Mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa figo, au anayemeza statini za kupunguza mafuta kwenye damu. Zungumza na daktari kwanza.
- Aliyewahi kupata mkojo mweusi baada ya mazoezi, hata kama ulipita wenyewe.

Na kuna kundi moja ninaloliombea lisikike zaidi. Ruiru na Thika ni miji ya viwanda na ya wapangaji. Watu wametoka Siaya, Homa Bay, Busia, Kakamega, Kilifi. Katika maeneo hayo ya ziwani, magharibi na pwani, watu wengi wamerithi kijeni kimoja cha selimundu bila kuugua ugonjwa wenyewe. Maisha ya kila siku hayawasumbui. Lakini wakijisukuma mfululizo bila kupumzika, hasa kwenye joto, chembe zao nyekundu zinaweza kupinda na kuziba mishipa ya misuli. Mwaka 2006 kijana wa miaka 19, Dale Lloyd II, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Rice huko Texas, alianguka kwenye mazoezi ya kukimbia ya timu yake na kufariki. Alikuwa na kijeni hicho na hakujua. Kutokana na kifo chake vyuo vikubwa vya michezo Marekani vilianza kuwapima wachezaji wao mwaka 2010. Kipimo ni cha damu tu. Kama kwenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu, kipime kabla ya kuanza mazoezi ya usajili. Ukikutwa nacho hujapigwa marufuku: anza polepole, pumzika kati ya seti, kunywa maji, na uache papo hapo misuli ikilegea ghafla.

## "Lakini mimi…"

"…nabeba mawe Ndarugo kila siku, nimezoea." Umezoea kubeba mawe. Msuli huzoea kazi ile ile unayoupa, kwa namna ile ile. Mgongo na mikono yako ni imara kuliko ya karani, nakubali, lakini huchuchumai mara 500 mfululizo pale machimboni, na unapumzika unavyotaka. Tena unakuja jimu ukiwa umeshafanya kazi ya kutwa juani. Wewe ndiye nitakayekuhofia zaidi, kwa sababu hakuna atakayekuambia upunguze.

"…nilifanya mwaka jana na sikufa." Huenda mwaka jana ulikuwa kwenye mazoezi kwa miezi. Msuli uliozoezwa hupata kinga inayodumu wiki kadhaa. Ukiuacha, kinga inaondoka. Mwili wa Januari si ule wa Oktoba.

"…nimeona watu wakiweka rekodi za ajabu." Tumewaona. Truphena Muthoni alikumbatia mti kwa saa 72 huko Nyeri, Desemba 2025, na nchi nzima ikamshangilia. Lakini mapema mwaka huo huo alikuwa ameshakaa saa 48. Alipanda ngazi, na alikuwa na watu wa kumwangalia. Wewe unaombwa uruke kutoka sifuri.

"…mkufunzi alisema maumivu ni dalili ya kukua." Uchovu wa kawaida wa misuli huanza kesho yake, huuma ukigusa au ukishuka ngazi, na siku ya tatu au ya nne umepungua. Mkono bado unanyooka. Mkojo ni wa rangi ya majani makavu. Ukivuka mipaka hiyo, huko si kukua tena.

"…mimi ni mama wa nyumbani, tunafanya ile ya siku 30 kwenye chama." Dada, ratiba ile inayosambazwa, inayoanza na skwoti 50 na kuishia 250, ni bora kuliko skwoti 500 za siku moja, na ina siku za kupumzika. Hatari yake iko kwa anayejiunga siku ya 15 na kuanza na idadi ya siku hiyo, na kwa anayelipa madeni: amekosa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, halafu Jumatatu anafanya za siku nne pamoja. Madeni ya skwoti hayalipwi. Ukikosa siku, rudi nyuma siku mbili kwenye ratiba, endelea. Na kama 50 za kwanza ni nyingi, anza na 20. Hakuna mwenyekiti wa chama atakayekuja kuhesabu chumbani kwako.

## Kama umeshaamua, panga hivi

Sikatazi marudio mengi. Yakijengwa vizuri hutoa mwili wenye pumzi na viungo imara. Hata zile chalenji zenye majina makubwa zilipangwa kwa uvumilivu kuliko watu wanavyosimulia. Ile ya kubembea kettlebell mara 10,000 aliyoieneza kocha wa Marekani Dan John inagawanywa katika vipindi 20, kila kimoja 500, kwa takriban wiki nne hadi tano, na ndani ya kila kipindi 500 hizo hukatwakatwa kwa seti ndogo zenye mapumziko. Tena ni kwa watu walioshika kettlebell kwa muda mrefu.

Kwa anayerudi kutoka mapumziko, vyama viwili vya makocha wa nguvu Marekani, CSCCa na NSCA, vilitoa kanuni mwaka 2019 ambayo mtu anaweza kuikariri akiwa kwenye matatu: wiki ya kwanza punguza asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Kama Novemba ulikuwa unafanya skwoti 100 kwa kipindi, basi Januari itakuwa:

- Wiki ya 1: skwoti 50
- Wiki ya 2: skwoti 70
- Wiki ya 3: skwoti 80
- Wiki ya 4: skwoti 90

Wiki ya tano unarudi kwenye 100, na hapo ndipo unaweza kuanza kufikiria kuongeza.

Kwa anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kushika chuma, ushauri wangu ni huu:

1. Wiki mbili za kwanza tumia uzito wa mwili wako tu. Seti mbili za marudio nane hadi kumi, mara tatu kwa wiki, na siku moja ya kupumzika katikati.
2. Kila seti iishe ukiwa bado unaweza kufanya mengine matatu. Usifike mahali pa kutetemeka.
3. Wiki ya tatu ongeza seti moja. Usiongeze uzito na idadi katika wiki moja, chagua kimoja.
4. Baada ya hapo ongeza idadi kwa takriban moja ya tano kila wiki. Kila wiki ya nne punguza badala ya kuongeza.
5. Ukilenga 200, zifanye kwa kumi kumi, ukipumzika hadi pumzi irudi. Hesabu yako itakuwa ile ile 200.
6. Usihesabiwe muda hadi umeshaifanya idadi hiyo mara kadhaa bila saa.

Kwa anayejiandaa kwa usajili wa makurutu, anza miezi mitatu kabla, si tangazo likishatoka gazetini. Kama tangazo limeshatoka na hukuwa umeanza, wiki zilizobaki zitumie kutembea kwa kasi na kukimbia polepole. Hutapata mwili mpya kwa wiki mbili, lakini unaweza kabisa kujiharibia ule ulio nao.

## Joto, maji na ule muda wa jioni

Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, kabla ya mvua ndefu, jua la Thika linawaka na jimu ya mabati saa nane mchana huwa tanuri. Fanya mazoezi asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni, na fungueni milango.

Wanaofanya kazi Nairobi wana shida yao. Umetoka mjini saa kumi na moja, umekwama Thika Road, umeshuka Ruiru saa mbili usiku. Chakula cha mwisho kilikuwa saa saba, na maji hukunywa kwa kuogopa kukosa choo njiani. Unakwenda jimu moja kwa moja. Siku kama hiyo kula ndizi mbili au kikombe cha uji, kunywa maji, subiri nusu saa, na ufanye nusu ya ulichopanga. Vinywaji vya kutia nguvu, vile vya mkebe, si maji. Kafeini yake hukufichia uchovu.

Wala usijilazimishe lita tano kwa mkupuo. Maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu na yenyewe yanaweza kukuangusha. Kunywa kidogo kidogo, ufuate kiu na rangi ya mkojo.

## Makosa ya siku ya pili

- Kumeza ibuprofeni au diklofenaki kutoka kemisti. Watu humeza mapema ili waweze kurudi jimu. Kama lazima upate kitu kwa uchovu wa kawaida, parasetamoli kwa kipimo chake. Na mwenye mkojo mweusi asimeze chochote kabla ya kumwona daktari.
- Kukandwa kwa nguvu. Msuli uliovimba na kukaza haukandwi. Unazidi kuuvunja.
- "Kuvunja maumivu" kwa kurudia zoezi lile lile. Tembea taratibu. Usichuchumae.
- Bia ya kusherehekea. Ngoja siku tatu.
- Kulala peke yako bila kumwambia mtu. Mwambie jirani au mkeo ulichofanya, ili ukichanganyikiwa usiku awepo wa kueleza hospitalini.

## Kwa mwenye jimu na anayehesabu

Ndugu yangu, wewe ndiye breki iliyobaki. Hakuna anayekuzuia kuandaa mashindano. Yanaleta watu, na kodi ya chumba lazima ilipwe. Ila weka masharti haya ukutani:

- Mgeni wa chini ya wiki nane haingii kwenye chalenji ya marudio. Hata akiwa na misuli, hata akiwa na pesa mkononi.
- Hakuna kuwekeana pesa kwa idadi. Pesa ikiwekwa, hakuna anayeacha.
- Seti isizidi marudio 20 bila mapumziko ya lazima.
- Umbo likiharibika mara mbili, magoti yakiingia ndani au mgongo ukipinda, zoezi limekwisha. Wewe ndiye unayeamua, si yeye.
- Marudio kamwe yasiwe adhabu. Aliyechelewa apige deki.
- Asubuhi ya pili mpigie simu kila mshiriki na umuulize mambo mawili: mkono unanyooka? Mkojo ni wa rangi gani?

Hilo la simu ndilo ninalolitaka kuliko yote. Halikugharimu zaidi ya kifurushi cha siku, na linamkuta mtu saa ile ile ambayo anajiambia kwamba yatapita.

## Kurudi baada ya kuugua

Aliyelazwa hurudi jimu kwa ruhusa ya daktari, siyo kwa kujisikia nafuu. CK iwe imeshuka hadi karibu na kawaida, vipimo vya figo viwe safi, mkojo uwe mweupe. Ukishapewa ruhusa, wiki ya kwanza tembea tu na kunyoosha viungo. Ya pili, uzito wa mwili wako, seti moja moja. Vyuma vyepesi vije baadaye, kwa robo ya ulichokuwa ukifanya, na kila hatua uangalie kama uvimbe, udhaifu au rangi ya mkojo vimerudi. Vikirudi, unasimama na unapimwa tena.

Na aliyepatwa mara mbili, au aliyepatwa kwa mazoezi madogo ambayo wenzake waliyamaliza bila shida, asijilaumu kuwa ni mvivu. Baadhi ya watu wana hitilafu za kuzaliwa nazo katika namna misuli yao inavyotumia sukari au mafuta. Amwombe daktari rufaa ya kuchunguzwa misuli na kupimwa selimundu kabla ya kugusa chuma tena, na aende na karatasi za vipimo vyote vya awali, kwa sababu daktari mpya atataka kuona CK ilipanda hadi wapi kila mara.